Namba Kwenye Kioo cha Mbele

Amarillo, Texas
12 Machi 2022

Mjomba Verlin,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu nilikupigia simu mara tatu, na mara zote tatu ulisema, "Hatununui kitu," ukakata. Mama alizoea kusema kwamba masikio yako uliyaacha ndani ya injini za watu, nami sikuamini mpaka juzi. Haidhuru. Barua haihitaji masikio.

Nina mambo mawili. La kwanza ni la kazi. Unajua kwamba nafundisha umekanika katika chuo cha hapa. Mwezi uliopita wanafunzi wangu walikaribia kushikana mashati kwa sababu ya swali moja: kati ya pikapu za mbio zilizotengenezwa nchini mwetu, za zamani na za sasa, ipi ni bora? Hawaulizi ipi ina mbio zaidi, maana hilo halina ubishi. Pikapu yangu ya Ram ya mwaka jana ina nguvu za farasi mia saba na mbili. Inamaliza robo maili kwa sekunde kumi na tatu hivi, nami nimekaa kwenye kiti chenye joto, kahawa pembeni. Wanachotaka kujua ni ipi ilikuwa kazi kubwa zaidi kwa wakati wake. Nikaikumbuka Dodge yako nyekundu ya 1978, nikawaambia nina mjomba aliyeinunua ikiwa mpya. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, bado yuko hai?" Nikamwuliza, "Nani, mjomba au gari?" Akasema, "Wote wawili." Tafadhali nijibu kwa niaba ya wote wawili.

La pili si la kazi. Bi Opal wa kanisani kwenu ameniandikia kwamba mwezi wa Oktoba utaliuza gari lile kwa tajiri wa Arizona mwenye jumba la magari, ambaye huyazungushia kamba na hayawashi kamwe. Je, ni kweli? Mjomba, tangu Mama afariki, ndugu uliyebaki naye ni mimi tu. Ninalitaka gari lile. Nimelitaka tangu nilipoweza kufika kwenye kitasa chake. Kwa nini hukuniuliza?

Mpwa wako,
Kendra


Bellwick, Ohio
21 Machi 2022

Mpwa wangu Kendra,

Barua yako imefika. Niko hai. Gari nalo liko hai, na asubuhi za baridi ndilo linalowaka upesi kuliko mimi.

Waambie wanafunzi wako hivi. Miaka ile serikali ilikuwa imeubana moshi wa magari, na sisi hatukulaumu, kwani hewa ilikuwa mbaya. Lakini magari ya mbio tuliyoyapenda yakawa vikongwe: boneti ndefu, nguvu hamna. Basi sheria ile ilibana zaidi magari ya abiria. Pikapu iliyoandikishwa kuwa, pamoja na mzigo wake, inazidi ratili elfu sita, haikulazimishwa kufungwa kichujio cha moshi kilichofungwa kwenye magari madogo. Wahandisi wakaliona tundu hilo. Wakachukua injini ya silinda nane, jamaa ya ile waliyowauzia polisi, wakaipitisha humo. Wakasimamisha mabomba mawili ya moshi nyuma ya kebini, kama ya lori la masafa marefu. Wakabandika mbao za mwaloni ubavuni na maandishi ya dhahabu milangoni. Watu wakalicheka, wakidhani ni gari la gwaride. Kisha likawaacha barabarani, nao wakiwa ndani ya magari yaliyoitwa ya mbio.

Gari lako lina nguvu mara tatu ya langu. Lilipewa fedha, kompyuta na ruhusa. Langu lilipita kwenye tundu la sindano. Hilo ndilo jibu la swali la kazi.

Kuhusu swali la pili, Bi Opal amesema kweli, ingawa hakutumwa. Bwana Pruitt wa Arizona atakuja tarehe 29 Oktoba. Sikukuuliza kwa sababu jibu lingekuwa hapana. Ninyi wa siku hizi hamwendeshi magari, mnaendeshwa nayo. Gari lile hulijui, nalo halikujui. Usilichukulie hili kwa ubaya.

Je, ni kweli kwamba gari lako lina kitufe cha kuendeshea mchangani peke yake? Nauliza kwa kutaka kujua tu.

Mjomba wako,
Verlin Ostrander


Amarillo, Texas
3 Aprili 2022

Mjomba,

Ndiyo, kitufe cha mchanga kipo, kingine cha matope, na kingine cha mbio. Najua unavyotikisa kichwa unaposoma hapa.

Nimeongeza gari la tatu kwenye uchunguzi wetu. Jirani yangu, Bwana Quezada, ana pikapu nyeusi ya GMC ya 1991, ile ndogo ya silinda sita yenye tabo ya kuisukumia injini hewa, ambayo magurudumu yote manne huvuta. Ameitunza kama yai. Jumamosi alinipigia honi.

"Panda, mwalimu! Lakini huo mkoba uache."

"Kwa nini niuache?"

"Kitabu chake kinasema lisibebe zaidi ya ratili mia tano. Mimi mwenyewe ni mia mbili na arobaini. Wewe sikuulizi, nina adabu. Na hapa kuna burito nne za chakula cha mchana."

"Kwa hiyo ni pikapu isiyobeba mzigo?"

"Inabeba mzigo, mwalimu. Inabeba majivuno yangu, nayo ni mazito."

Mjomba, ukikanyaga mafuta hakutokei kitu kwanza. Unahesabu moja. Halafu unasukumwa kiunoni na mtu usiyemwona, na hakuna tairi inayoteleza, hakuna kelele, ni kama limekatwa kamba. Nilicheka mpaka nikakohoa. Wakati lilipotoka, magari ya kifahari ya Ulaya yalikuwa yakiaibishwa nalo kwenye robo maili. Nimeandika daftarini: lako lilipita kwenye tundu la sheria, la Bwana Quezada lilitengenezwa na watu waliosahau kwa siku moja pikapu ni ya nini, wakafurahi sana siku hiyo, langu limetengenezwa na watu wasiotaka kuchagua, wakatia kila kitu. Bado sijajua lipi ni bora. Nazidi kutaka kujua.

Sasa nirudi kwenye hapana yako. Unasema silijui gari lile. Nipime. Uwanja wenu wa robo maili bado unafuata desturi ya namba, sivyo? Kila dereva anaandika kwenye kioo, kwa dawa nyeupe ya viatu, muda anaoamini gari lake litatumia, na mshindi ni aliyeikaribia namba yake. Basi tubadilishane magari. Mimi niendeshe lako, wewe langu. Tuone nani analijua gari la mwenzake. Nikikushinda, jekundu ni langu. Au unaogopa vitufe?

Kendra


Bellwick, Ohio
15 Aprili 2022

Kendra,

Siogopi vitufe.

Jumamosi, tarehe 1 Oktoba. Kila mmoja atajaribu mara tatu asubuhi. Saa nane mchana ataandika namba, na baada ya hapo haifutwi. Aliyeikaribia zaidi ameshinda. Lakini anayekwenda upesi kuliko namba yake, hata kwa sehemu ya mia ya sekunde, ameshindwa papo hapo, kwa kuwa ama hakulijua gari ama amedanganya. Uwanja wetu haumpi ushindi mwenye mbio, unampa anayejijua.

Ukishinda, utalichukua. Nikishinda, Bwana Pruitt atalichukua, nawe hutaniuliza tena.

Verlin


Amarillo, Texas
10 Julai 2022

Mjomba mpendwa (leo nina shida, ndiyo maana u mpendwa),

Niambie tabia zake zote. Linapenda mafuta kiasi gani kwenye tangi? Gia ya pili inaingiaje? Nikanyage yote mara moja au nipande polepole? Joto la mchana linalifanya nini? Na mvua je?

Mimi nakutumia kitabu cha Ram chenye kurasa mia tano. Nimekunja ukurasa wa kitufe cha mbio. Jambo moja usilolijua: linasamehe. Ukikosea usukani, linakurekebisha kimyakimya kama mke mwema anayesahihisha hadithi ya mumewe mbele ya wageni. Na breki zake si kama zako. Usizikanyage kama unaua nyoka.

Kendra


Bellwick, Ohio
24 Julai 2022

Kendra,

Tangi liwe nusu. Usikanyage yote kwa mkupuo. Kabureta itamezeshwa kuliko inavyoweza kumeza, nalo litasita kama mtu aliyepaliwa. Kanyaga nusu, hesabu moja, kisha malizia. Gia zake tatu hujibadilisha zenyewe, lakini ya pili huchelewa injini ikiwa imepata moto sana. Utadhani limekata tamaa. Usiinue mguu. Hewa ya mchana wa joto huliibia sehemu ya sekunde. Ya baridi hulirudishia. Usitazame mshale wa dashibodi, unadanganya. Sikiliza barabara kwa makalio. Ndiyo sikio pekee nililobaki nalo, nalo halijanidanganya.

Umeuliza kuhusu mvua. Mvua haihusiani na mashindano. Uwanja hufungwa kunaponyesha.

Kitabu chako nimekisoma chote. Ukurasa wa 312 una kosa la maelezo: mchoro unaonyesha fyuzi ambayo haimo katika orodha.

Verlin


Rolla, Missouri
3 Oktoba 2022, asubuhi

Mjomba,

Barua hii inatoka njiani. Ulipotoka kanisani jana bila shaka ulilikuta gari jekundu bandani na funguo zake juu ya meza ya jikoni. Sikutaka kukuaga kwa sababu ningekupigia kelele, nawe usingesikia, kisha ningelazimika kuyarudia mbele ya Bi Opal.

Nitakueleza ulivyokuwa mchana wangu juzi, kwa sababu nataka ujue ulichoniharibia. Niliandika 15.60. Sifuri yangu ilifanana na yai lililopasuka. Nilikanyaga nusu, nikahesabu moja, nikamalizia. Yale mabomba yakapiga kelele nyuma ya kichwa changu, na gia ya pili ikachelewa kama ulivyosema. Kila msuli wa mguu ukataka kuinuka. Sikuuinua. 15.64! Nikaenda dirishani kuchukua kikaratasi cha muda, na Bi Maxine, mtunza saa wa uwanja, akanipa huku ameshika lako mkono wa pili, maana ulikuwa umekwisha kupita nyuma yangu.

"Umekosa kwa sehemu nne za mia, binti," akasema. "Kwa pikapu ya umri ule? Wewe ni mtoto wa Joyce kweli."

"Na mjomba?"

"Aliandika 13.10. Amepata 13.29. Mzee leo amechoka."

Nilimkumbatia kupitia dirisha. Nilikukumbatia nawe, ukasimama kama nguzo ya umeme, nikadhani ni uchungu wa kushindwa.

Jana asubuhi, nikipasha Ram moto, nikasoma kile kijisanduku ninachokichomeka chini ya usukani kwa ajili ya wanafunzi. Kinaandika kila kitu, Mjomba. Gari lako halina kumbukumbu, langu halisahau. Futi mia mbili kabla ya mstari uliacha mafuta, ukakanyaga breki. Hukuigusa, uliikanyaga. Nimepiga hesabu mara tatu. Usingekanyaga, ungemaliza kwa 13.12. Ungekosa kwa mbili tu. Ungenishinda.

Uliniachia. Kwa miezi sita umeniambia nisome barabara, nijipime, nilijue gari, halafu ukanitupia ushindi kama mtu anayemtupia mtoto peremende ili anyamaze. Ungetaka kunipa zawadi ungenipa mwezi wa Machi, kwa mdomo. Siitaki hivi. Mwambie Bwana Pruitt aje na trela lake.

Kendra


Bellwick, Ohio
9 Oktoba 2022

Mpwa wangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Umekosea, na kosa ni langu.

Sikukuachia. Nilitaka kushinda. Tangu mwezi wa Aprili sikuwa nikitaka kitu kingine. Nilifunga kwa maombi Jumatano ile, jambo ambalo sikulifanya hata kwa ajili ya mashindano ya 1979.

Nitakueleza kilichotokea. Asubuhi nilipita mstari mara tatu, na kila mara namba kubwa ya kijani kwenye dashibodi yako ilionyesha maili mia na tano kwa saa. Muda ulikuwa kati ya 13.11 na 13.14. Nikaandika 13.10. Mchana hewa ilikuwa imepoa. Nilipoondoka, mguu wangu ulichelewa. Nilikuwa nakitafuta kile kitufe cha mbio kwa macho. Ucheleweshaji ule ulitosha kunirudisha kwenye namba yangu, lakini sikuuhesabu. Kabla ya mstari nikaiona ile namba ya kijani: mia na saba. Nikasema moyoni, "Verlin, unakwenda upesi kuliko namba yako, umeshindwa." Nikafanya ambalo dereva yeyote wa uwanja wetu angefanya: nikakanyaga breki ili nirudi kwenye namba. Nikaikanyaga kama ninavyoikanyaga ya kwangu. Ya kwangu ingeniondolea sehemu chache za mia. Yako nusura inibandike kwenye kioo.

Mimi niliyekukanya usiutazame mshale, niliangalia namba ya kompyuta nikaiamini kuliko mwili wangu. Na uliniandikia kwa kalamu kwamba breki zako si za kuulia nyoka. Nilisoma kurasa mia tano, nikasahau mstari mmoja wa mpwa wangu. Ulinishinda kwa haki.

Sasa utauliza kwa nini nilitaka kushinda kiasi hicho. Nilidhani sitakuambia kamwe.

Mwezi wa Mei mwaka 1984 mama yako aliliazima gari lile kwenda mjini. Wewe ulikuwa na miaka minne, umekaa kando yake. Mvua ilinyesha. Pikapu yoyote isiyo na mzigo ni nyepesi nyuma, na ile ina nguvu nyingi nyuma kwenye wepesi huo. Joyce aliijua sheria hiyo kama mimi, lakini aliipenda kasi kuliko mimi. Kwenye kona ya shamba la Hostetler gari liligeuka mara mbili na nusu, likaingia kwenye mahindi machanga, likasimama likitazama lilikotoka. Halikugonga kitu. Nilifika kwa miguu. Joyce ameshika usukani, hana rangi usoni, hawezi kuuachia. Na wewe umesimama juu ya kiti, unapiga makofi, unasema, "Mama, tena! Mama, tena!"

Hakuwahi kuliendesha tena. Hakuogopa lile gari, Kendra. Alikuogopa wewe. Aliniambia, "Verlin, mimi niliogopa, kwa hiyo nitaishi. Huyu hakuogopa." Na siku tatu kabla ya kufa, pale hospitalini, alinishika mkono akasema, "Usimpe Kendra gari lile. Niahidi." Nikaahidi.

Ndiyo maana nilisema hapana. Yale maneno kwamba hulijui gari yalikuwa kisingizio. Ulipouliza kuhusu mvua, nilikwepa, na hilo ndilo ninaloliona aibu kuliko yote, maana mtu anayekuficha kuhusu mvua hakulindi. Nilidhani nitakushinda, Pruitt atalizungushia kamba, nami nitakuwa nimetimiza ahadi bila kukuambia lolote.

Gari ni lako kwa mujibu wa makubaliano. Ahadi ni ya mama yako. Sijui nifanye nini, na si kawaida yangu kutojua.

Verlin


Amarillo, Texas
17 Oktoba 2022

Mjomba,

Nililisoma lile neno "tena" nikiwa karakanani, wanafunzi wanatazama, nikawaambia kilichoniingia machoni ni vumbi la breki.

Naomba radhi kwa barua ya Missouri. Nimerudi kwenye kijisanduku. Ni kweli, ulichelewa kuondoka. Upo pale, mstari mzima, nami sikuutazama kwa sababu nilikuwa nimekwisha kupata jibu nililolitaka. Nawafundisha watoto wasifanye hivyo kila Jumatatu.

Sasa nikuambie jambo ambalo Mama hakulijua. Siku ile ya mashindano, kwenye gia ya pili, lilipochelewa, niliogopa. Niliogopa sana. Yule mtoto aliyepiga makofi sijui alikwenda wapi. Nina miaka arobaini na miwili, nina wanafunzi thelathini, na nikiona barabara imelowa napunguza mwendo hata nikiwa kwenye Ram inayosamehe kila kitu. Kama Mama alikuwa akiningoja niogope, nimeshaogopa.

Lakini sitakuambia uvunje ahadi uliyompa mtu anayekufa. Nisingekubali kama angekuwa mama wa mtu mwingine, na sikubali eti kwa kuwa ni wangu. Ukiona Bwana Pruitt alichukue, sitanuna. Ukiona vingine, basi nina swali moja ambalo ulinikwepa, nalirudia kwa kutaka kujua tu: na mvua je?

Mpwa wako,
Kendra


Bellwick, Ohio
5 Novemba 2022

Mpwa wangu Kendra,

Kuhusu mvua.

Watu wa hapa, majira ya baridi yakianza, huweka mifuko ya mchanga nyuma ya pikapu ili magurudumu yashike. Wenzako wa Texas hawalijui hili, kwa kuwa hawana barafu ya kuwafundisha. Mifuko minne ya ratili sitini, juu ya ekseli kabisa, si mwishoni kwenye mlango wa nyuma. Ukiiweka mlangoni inakuwa mkia wa ng'ombe, inakuvuta kando. Ifunge kwa mkanda. Kwenye maji, usikanyage zaidi ya robo ya mafuta. Likianza kuteleza nyuma, geuza usukani upande linakoteleza, acha mafuta, wala usiguse breki. Usiguse breki hata kama unaiona mbingu. Nimeandika haya pia kwenye kadi, nimeibandika nyuma ya kivuli cha jua upande wa dereva.

Bwana Pruitt alikuja tarehe aliyoahidi. Ni mtu mwenye adabu, viatu vyake havijawahi kukanyaga grisi. Alilizunguka gari mara mbili akiwa ameweka mikono nyuma.

"Bwana Ostrander, linawaka?"

"Linawaka. Unataka kulisikia?"

"Hapana, hapana. Lisije likachafua mabomba."

Nikamtazama. "Bwana Pruitt, ulipokuja kulinunua ulitaka kujua nini?"

"Kama kila kitu ni cha kiwandani."

"Si cha kiwandani tena. Wiki iliyopita nilitoboa sakafu."

Nilitoboa matundu manne kwa mkono wangu, nikafunga mikanda ya mbio inayopita mabegani yote mawili. Breki za mbele na za nyuma nimebadilisha, za kisasa, zinafanana na zako. Kuanzia sasa hutakanyaga aina mbili za breki katika maisha yako, kwa kuwa nimejua mimi mwenyewe matokeo yake. Bwana Pruitt aliinama akayaona matundu, akashika kifua kama mtu aliyepewa habari za msiba. Alikunywa kahawa, akaondoka na trela tupu. Bi Opal anasema nimerukwa na akili, na amewaambia waumini wote.

Jana asubuhi nilikwenda mjini, ofisi ya hati za magari, kuhamishia kadi ya gari kwako. Lazima utie sahihi mbele ya mwenye muhuri. Alikuwepo msichana mwenye kucha ndefu za kijani, anaandika kwa kalamu kana kwamba anashona. Mara mbili nilimwomba apaze sauti, mara ya tatu akainuka akaniandikia maswali kwenye karatasi, na nikamheshimu.

Akaandika, "Mnunuzi ni nani wako, mzee?"

"Mpwa wangu. Mtoto wa dada yangu."

"Bei?"

"Hakuna bei."

"Haya, basi naandika 'zawadi'."

"Usiandike zawadi," nikasema. Watu waligeuka, nadhani nilipaza sauti. "Sikumpa. Nilimwahidi mama yake kwamba sitampa, na sikumpa. Nilijitahidi kwa nguvu zangu zote asilipate, mbele ya watu mia mbili, akanishinda."

Akachukua ile karatasi yake, akaandika polepole, akanigeuzia nisome: *Kwa muda gani?*

Nikamwambia, "Kumi na tano nukta sitini na nne."

Akapiga muhuri.

Mjomba wako,
Verlin Ostrander